Giza la Kingo Katika Video: Kutambua na Kurekebisha Matatizo ya Vinyeti

Vinyeti ni hali ya mwanga kufifia hatua kwa hatua kutoka sehemu ya picha aliyopo mhusika kuelekea kingo na pembe za fremu, ili jicho la mtazamaji lisitangetange bali litulie panapostahili. Hali hiyo inaweza kuletwa na lenzi yenyewe, na taa zilivyopangwa chumbani, au na programu ya kuhariri. Kwa kuwa vyanzo hivyo vitatu hutoa matokeo yanayofanana kwa mtazamo wa haraka, ni rahisi mhariri akahangaika kurekebisha kwenye kompyuta kasoro iliyotoka kwenye lenzi, au akaongeza giza juu ya giza lililokuwapo. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni ileile kwa kila dalili iliyoelezwa hapa: zima madoido yote, rudi kwenye klipu ghafi, na uangalie pembe zake nne kabla ya kubadilisha thamani yoyote.

Mifano imechukuliwa zaidi kutoka kwenye mahojiano ya mtu mmoja aliyeketi chumbani na kwenye video za harusi ukumbini, kwa sababu kazi hizo mbili huonyesha wazi vinyeti inapofaa na inapoharibu.

Pembe zina giza hata kwenye klipu ghafi

Ili kujua giza hilo limetoka wapi, elekeza kamera kwenye ukuta mweupe uliopata mwanga sawa kila mahali, au kwenye anga iliyofunikwa na mawingu mazito, kisha rekodi sekunde chache kwa kila tundu la lenzi: f/1.8, f/2.8, f/4 na f/5.6, ukirekebisha ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) au kasi ya shata ili mwangaza wa katikati ubaki palepale. Ikiwa giza linapungua kadiri tundu linavyofungwa na karibu linatoweka kufikia f/4 au f/5.6, basi ni mwili wa lenzi unaokata miale ya pembeni tundu linapokuwa wazi kabisa. Hakuna kilichoharibika, ndivyo lenzi nyingi zenye tundu kubwa zilivyo.

Ikiwa giza linabaki, lakini ni laini na lenzi ni pana sana, sababu ni jiometria. Mwanga unaofika kwa mshazari kwenye kihisi (sehemu ya kamera inayopokea picha) hupungua kwa kipeo cha nne cha kosaini ya pembe yake, hivyo kwenye lenzi sahili mwale ulioinama nyuzi 30 huleta takriban asilimia 56 ya mwanga wa katikati, na ulioinama nyuzi 45 huleta asilimia 25 tu, yaani stopu mbili kamili chini (kila stopu moja chini ni mwanga kupungua nusu). Lenzi za kisasa husanifiwa kupunguza upotevu huo, ila haziuondoi wote.

Hali ya tatu ni ya kuangaliwa kwa makini zaidi: ukingo wa giza unazidi kuwa mkali kadiri unavyofunga tundu. Hiyo ni dalili kwamba kuna kitu kinachoziba njia ya mwanga. Toa filta moja baada ya nyingine, toa kofia ya lenzi (ile ya kukinga mwanga wa pembeni), na uhakikishe kwamba lenzi iliyotengenezwa kwa ajili ya kihisi kidogo haijafungwa kwenye kamera yenye kihisi kikubwa, kwa maana duara la picha yake haliwezi kuzifikia pembe. Na kama giza limechukua umbo la msalaba badala ya duara, tazama filta ya ND ya kuzungusha, yaani kioo cheusi cha kupunguza mwanga unaoingia kwenye lenzi: ikisukumwa karibu na mwisho wa uwezo wake juu ya lenzi pana, hutoa msalaba mweusi unaokata fremu, na dawa yake ni kuirudisha nyuma au kutumia filta ya ND yenye kiwango kimoja.

Programu nyingi zinaweza kufidia giza la lenzi kwa kung'arisha pembe, lakini kumbuka kwamba zinapong'arisha mwanga hung'arisha na chembechembe za kelele, na klipu iliyorekodiwa usiku kwa ISO ya juu itaonyesha pembe zenye uchafu unaochemka. Kwa maoni yangu, giza dogo la lenzi liachwe kama lilivyo ikiwa video itapata vinyeti hata hivyo. Isipokuwa klipu itakayotulizwa mtikisiko kwa kompyuta. Programu ya kutuliza huisogeza fremu huku na huku, na giza la lenzi husogea nayo, na mtazamaji huona kingo zikipwita bila kujua sababu. Hapo mpangilio sahihi ni kufidia lenzi kwanza, kutuliza mtikisiko baadaye, na kuweka vinyeti mwisho.

Mandhari ya nyuma hayaingii giza, ingawa taa imeelekezwa kwa mhusika peke yake

Vinyeti iliyotengenezwa kwa taa huizidi ile ya kompyuta karibu kila mara, kwa sababu mwanga wa kweli hupita juu ya mashavu, mabega na ukuta kwa kufuata maumbo yake, jambo ambalo duara la programu halilifahamu. Hata hivyo watu wengi hujaribu mara moja, wanaona ukuta umebaki mweupe vilevile, na wanakata tamaa.

Chanzo cha kwanza cha kuchunguza ni kamera iliyo katika hali ya otomatiki. Unapozima taa za nyuma, kamera inapima fremu nzima, inaona giza limeongezeka, na inapandisha mwangaza. Ukuta unarudi pale ulipokuwa na uso wa mhusika unaungua. Kwenye kamera weka tundu, shata na ISO kwa mkono. Kwenye simu, funga mwangaza kabla ya kuanza kuzima taa, na usiufungue hadi mwisho.

Chanzo cha pili ni umbali. Mwanga wa taa ndogo hupungua kwa mraba wa umbali wake, na kanuni hiyo ndiyo chombo chenye nguvu kuliko kifaa chochote cha dukani. Chukua mhusika aliyeketi mita 2 mbele ya ukuta. Taa ikiwa mita 2 kutoka usoni, ukuta uko mita 4 kutoka kwenye taa na unapata robo ya mwanga wa uso, yaani stopu mbili chini. Isogeze taa hiyohiyo hadi mita 1 kutoka usoni: ukuta sasa uko mita 3, unapata sehemu moja ya tisa, zaidi kidogo ya stopu tatu chini. Mhusika hakusogea wala ukuta haukusogea. Punguza nguvu ya taa ili uso urudi kwenye kiwango chake, na mandhari ya nyuma yatashuka yenyewe. Softiboksi kubwa (kisanduku cha kitambaa kinacholainisha mwanga wa taa) haifuati hesabu hii kikamilifu ikiwa karibu sana, lakini mwelekeo ni uleule, na ndiyo maana ninashauri taa isogezwe hadi ukingo wa fremu kabla mtu hajafikiria kukodi ya pili.

Chanzo cha tatu ni chumba chenyewe. Vyumba vingi tunavyorekodia vina kuta nyeupe au za rangi ya krimu, dari nyeupe, na sakafu ya vigae vinavyong'aa, na kila kimojawapo hurudisha mwanga. Zima taa za tyubu, funga mapazia, weka wavu wa taa mbele ya softiboksi ili mwanga usisambae pembeni, na utandaze zulia au kitambaa cheusi sakafuni kati ya taa na mhusika. Kitambaa kingine cheusi kilichotundikwa upande ulio mkabala na taa hunyonya mwanga ambao ungerudi usoni, na kivuli cha shavu la pili kinapata kina. Vitu hivi ni vya bei ndogo, na kwenye chumba cheupe vina maana kuliko kuongeza nguvu ya taa.

Inawezekana pia tatizo likawa kinyume: nyuma kumeingia giza, lakini doa la mwanga ukutani lina ukingo mkali kama la tochi. Ubao au kitambaa kinachokata mwanga kikiwa karibu na ukuta hutoa kivuli chenye ukingo mkali. Kikisogezwa karibu na taa, ukingo hulainika. Sogeza stendi huku unaangalia skrini ya kamera, si ukuta, kwa kuwa jicho la binadamu huzoea tofauti ambazo kihisi hakizisamehi.

Duara linaonekana waziwazi, kama mtu anayechungulia kupitia tundu la kitasa

Hapa tumeingia kwenye vinyeti ya programu, na chanzo kikuu ni ukingo usiolainishwa vya kutosha ukiambatana na giza lililozidi. Katika Premiere Pro, sehemu ya vinyeti ndani ya Lumetri Color ina vitelezi vinne: Amount kwa kiasi cha giza, Midpoint kwa mahali linapoanzia, Roundness kwa umbo, na Feather kwa ulaini. Anza kwa kuweka giza kupita kiasi ili uone umbo, lipanue na ulilainishe mpaka mpaka wake usitambulike, kisha punguza kiasi polepole. Kwa kazi nyingi, pembe zilizoshuka nusu stopu hadi stopu moja zinatosha. Zima na uwashe mara kadhaa: ikizimwa, picha ionekane imekosa kitu, ikiwashwa, mtazamaji asiweze kuonyesha kwa kidole ilipo.

Wanaotumia FFmpeg, programu ya kuchakata video kwa amri za maandishi, wafahamu kwamba kichujio chake kinachoitwa vignette kina thamani ya awali ya PI/5, ambayo kwa hesabu ya kosaini niliyoitaja huziacha pembe na takriban asilimia 43 ya thamani zake za awali. Hiyo ni nzito mno kwa mahojiano. Thamani ya PI/8 huziacha na takriban asilimia 73, na huo ni mwanzo wenye busara zaidi:

ffmpeg -i mahojiano.mp4 -vf "vignette=angle=PI/8" -c:a copy matokeo.mp4

Taa na madirisha ya pembeni yamegeuka kijivu

Ukumbi wa harusi una taa za mapambo zilizozunguka jukwaa, na baada ya kuweka vinyeti taa zile hazionekani tena kama taa. Zinaonekana kama vibandiko vya karatasi ya kijivu. Chanzo ni tabaka jeusi lililowekwa juu ya picha na kupunguzwa uzito. Balbu iliyokwisha kufika kikomo cha 255 ikifunikwa na weusi wa asilimia 50 inakuwa takriban 128, rangi moja tupu isiyo na maelezo ndani yake, na jicho linakataa kwa sababu linajua kitu kile kinatoa mwanga.

Tiba ina ngazi mbili. Kwa klipu iliyorekodiwa kwa logi (mfumo wa picha iliyopauka unaohifadhi maelezo mengi ya mwanga na giza), weka giza kabla ya hatua inayoigeuza logi kuwa picha ya kawaida, maana hapo mwanga mkali bado una nafasi juu yake na utashuka kwa namna inayofanana na kupunguza mwanga halisi. Katika DaVinci Resolve, chora dirisha la duara kwenye nodi (kituo kimoja cha marekebisho) iliyotangulia nodi ya kugeuza, ligeuze lichague nje badala ya ndani, ulilainishe, na ushushe mwangaza. Kwa klipu ya kawaida ya simu, ambayo haina akiba hiyo, shusha toni za kati badala ya kushusha picha nzima, au utenge sehemu zinazong'aa zaidi zisiguswe. Gauni jeupe la bi harusi likiwa karibu na ukingo huumia kwa namna hiyohiyo, na litapona kwa njia hiyohiyo.

Nyuso zilizo pembeni zimepotea

Hili ndilo tatizo ninaloliona zito kuliko yote, kwa sababu haliharibu mapambo ya picha bali humfuta mtu. Ngozi nyeusi hurudisha mwanga mchache kuliko ngozi nyeupe, na katika picha iliyopimwa vizuri uso mweusi hukaa chini zaidi kwenye grafu ya mwangaza, kama inavyopasa. Ukiushusha uso huo stopu moja zaidi, unausukuma kwenye eneo ambalo kodeki (mfumo wa kukandamiza video) huwa na tabia ya kuunganisha maelezo madogo kuwa mabaka, na macho, mikunjo ya tabasamu na mpaka wa nywele hutoweka kwa pamoja. Thamani ya vinyeti iliyompendeza mtu mmoja mweupe aliyeketi katikati ya fremu haiwezi kuhamishiwa kwenye picha ya ukoo wa watu kumi na wawili waliojipanga jukwaani, shangazi wakiwa mwisho wa kulia na wajomba mwisho wa kushoto.

Kwa picha ya kundi, acha duara kabisa. Tumia giza linaloshuka kutoka juu na linalopanda kutoka chini, ili dari na sakafu zififie huku mstari wa nyuso ukibaki na mwanga wake wote kutoka upande hadi upande. Kwa mahojiano, kumbuka kwamba mhusika mara nyingi huketi kwenye theluthi ya fremu, si katikati. Kwenye fremu ya pikseli 1920 uso wake uko karibu na pikseli ya 640, na vinyeti iliyowekwa katikati ya fremu hung'arisha ukuta mtupu na kuligubika shavu lake la nje. Hamisha kitovu kimfuate, tumia umbo la yai lililosimama badala ya duara, na likibaki tatizo, chora maski ya pili inayoutoa uso nje ya giza na uiruhusu programu iufuatilie.

Mwendo huleta dalili yake yenyewe. Bi harusi anapoingia ukumbini akitoka kushoto kwenda kulia, vinyeti isiyosogea humfanya aonekane kama anapita chini ya taa zilizoungua: giza, mwanga, tena giza. Weka alama za mwendo ili kitovu kitembee naye, au uififishe vinyeti taratibu kabla hajafika ukingoni na kuirejesha akishasimama. Kama hakuna muda wa kufanya lolote kati ya hayo, ni heshima zaidi kuiondoa vinyeti kwenye klipu hiyo.

Mistari au pete zinaonekana giza linapofifia

Video ya biti 8 ina ngazi 256 kwa kila chaneli, na katika kiwango cha kawaida cha matangazo mwangaza hutumia ngazi za 16 hadi 235 tu. Fikiria ukuta unaofifia kutoka ngazi ya 60 hadi ya 30 katika upana wa pikseli 600. Kuna hatua 30 tu za kugawanya pikseli hizo, kwa hiyo kila hatua inakuwa utepe wa pikseli 20, na kwenye runinga kubwa utepe huo huonekana kama pete za mti uliokatwa. Katika biti 10 hatua huwa 120, na kila moja hupata pikseli 5.

Tafuta kwanza pete zinaanzia wapi. Zikiwa kwenye programu yenyewe, angalia kina cha rangi cha mradi: After Effects, kwa mfano, inaweza kufanya kazi kwa biti 8, 16 au 32, na giza laini halifai kukokotolewa kwa biti 8 hata kama klipu ni ya biti 8. Zikitokea baada ya kusafirisha faili, sababu ni ukandamizaji. Ongeza kiwango cha biti (data inayotumika kwa kila sekunde ya video), na uweke chembechembe nyepesi za kelele baada ya vinyeti, kwa kuwa kelele huvunja mipaka ya tepe na jicho haliwezi kuifuata. Kwa anayetumia x264, programu ya kukandamiza video, chaguo la aq-mode=3 huzipa sehemu za giza biti zaidi, na -tune grain husaidia chembechembe zisifutwe. Zikitokea baada ya kupandisha mtandaoni au kutuma kwa WhatsApp pekee, huna mamlaka juu ya ukandamizaji wa pili. Tengeneza nakala maalumu yenye vinyeti hafifu zaidi, au mandhari ya nyuma yenye kitu fulani, kama pazia, rafu au mmea, ambavyo huficha tepe vizuri kuliko ukuta mtupu.

Pembe ni laini kwenye kompyuta, lakini nyeusi ti kwenye runinga

Faili linalotumia ngazi zote za 0 hadi 255 likisomwa na kifaa kinachodhani ni 16 hadi 235, kila kilicho chini ya 16 kinakuwa weusi mtupu, na ni kwenye kingo zako ndiko ngazi hizo zilikojaa. Linganisha mpangilio wa usafirishaji na wa kifaa. Ikiwa vinalingana, basi tatizo ni chumba cha kuhariria: ukihariri gizani kwa skrini yenye mwangaza wa juu kabisa, utaongeza giza ambalo mtazamaji aliyeketi sebuleni mchana hataweza kuona ndani yake.

Vinyeti inakatika, inakua au inafunika maandishi

Matatizo haya hutokana na mpangilio wa tabaka na hutatuliwa haraka. Maandishi yakififia, tabaka la vinyeti liko juu yake, lishushe. Giza likikua pamoja na picha inapokuzwa, limewekwa kwenye klipu kabla ya ukuzaji. Lihamishie kwenye tabaka la marekebisho, yaani tabaka tupu linaloathiri kila kilicho chini yake, lililo juu ya taimulaini. Na fremu ya 1920 kwa 1080 ikikatwa kuwa ya wima ya simu, hubaki na upana wa takriban pikseli 608 kutoka katikati, ambamo giza la pembeni halimo tena. Kata kwanza, kisha weka vinyeti mpya inayolingana na umbo la wima.

Giza linaongezeka baada ya kuweka rangi

Mara nyingi faili la LUT, yaani jedwali la kubadilisha rangi za video, hulaumiwa hapa, lakini LUT hubadilisha thamani ya rangi bila kujua pikseli iko wapi kwenye fremu, kwa hiyo haiwezi kubeba vinyeti ndani yake. Kinachotokea ni kwamba LUT yenye utofauti mkali wa mwanga huzama zaidi pale ambapo lenzi ilikuwa imekwisha kupunguza mwanga, na giza ambalo halikuonekana kwenye klipu ghafi linajitokeza. Zima LUT na vinyeti, fidia lenzi, washa LUT peke yake, na tazama pembe. Ukiona bado kuna giza la kutosha, vinyeti ya programu haihitajiki. Likiwa halitoshi, ongeza kiasi kilichopungua tu. Hakikisha pia kwamba vinyeti haipo mara mbili, mara moja kwenye klipu na mara ya pili kwenye tabaka la marekebisho, hasa katika mradi ulionakiliwa kutoka kazi ya zamani.